Mashimo Chini ya Safina

Ernesta aliona mwanga mahali ambapo mwanga haukustahili kuwepo.

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne asubuhi, hapo Nyakahura. Alikuwa amepiga magoti katika tumbo la boti, mbao za sakafu zimeondolewa, akipanga viroba vya udaga wa mihogo na karanga. Adventina, mke wa mwenye chombo, alikuwa juu akimpokeza kimoja kimoja. Humo chini ni giza kama ghalani. Lakini kando ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, palikuwa na uzi mwembamba wa mwanga unaoingia kutoka nje.

"Mama, hebu shikilia kwanza hicho kiroba," alisema Ernesta.

"Nini, nyoka?"

"Afadhali angekuwa nyoka."

Alipapasa. Kidole kikakutana na kichwa cha kigingi kilichopakwa lami, kimelegea kama jino la mtoto. Akakivuta, kikatoka bila ubishi: kijiti cha mti kilichonyauka, kimevishwa ganda kavu la mgomba. Kilikuwa kinene juu, chembamba chini. Shimo lililobaki lilipitisha kidole gumba. Akapapasa mbele, akakuta kingine, na mbele yake kingine tena, vyote mahali ambapo viroba vingevifunika mpaka mwisho wa safari.

Alifanya ishara ya msalaba, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kamwite mumeo. Na mtu yeyote asiguse kitu humu."

Boti hiyo watu waliiita Safina. Aristides, mwenye nayo, alikuwa ametumia ujana wake wote katika meli za mizigo. Aliporudi na mvi kichwani alisema yeye na mkewe wataishi majini, watavuka bahari mpaka Madagaska na mbele yake. Aliijengea kijijini kwa kuwa mninga uko huku, na matrela yanayotoka Rwanda matupu kurudi Dar es Salaam yanapita hapo hapo barabarani. Mojawapo lilikuwa limeshaahidiwa, lingekuja kuibeba Jumatatu. Watani walikuwa wakimuuliza kama mvua imeshatangazwa, na kama jozi za wanyama zimetimia. Alikuwa akicheka nao.

Siku hiyo hakucheka. Alikaa juu ya gogo, kigingi kiganjani, akakitazama muda mrefu.

"Tungekuwa wawili tu," alisema. "Usiku, mbali na nchi kavu. Nani ananichukia hivi?"

Koplo Deodata wa kituo kidogo cha polisi alifika kwa bodaboda kabla ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, hana haraka ya maneno. Alimwamkia Ernesta shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akaingia chini ya boti, akatoka na vumbi magotini.

"Mama, wewe ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Uwe nami nikiwahoji watu wako," alisema. "Wewe utasikia wanachosema. Mimi nitasikia wasichosema. Tuanze na wewe, mzee Aristides. Mara ya mwisho boti hii kujulikana ni nzima ni lini?"

"Jumatatu iliyopita. Tulileta boza, tukaijaza maji kwa ndani mpaka usawa wa magoti. Huku hatuna ziwa la kuijaribia, ndiyo njia yetu. Yalikaa humo mpaka kesho yake asubuhi. Halikudondoka hata tone. Kijiji kizima kiliona."

"Kwa hiyo mashimo yametobolewa baada ya hapo."

"Itakuwaje vinginevyo?"

Hakuna aliyebisha. Ernesta naye alitikisa kichwa kukubali.

Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa Malongo, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, ambaye njia ya mifugo yake kwenda mtoni ilizibwa na uzio wa boti. Wiki tatu nyuma alikuwa amesema sokoni, mbele ya watu, kwamba chombo kile hakitafika mbali. Alikuja mwenyewe, fimbo begani, kundi la vijana likimfuata nyuma kwa kelele. Mmoja alikuwa ameshika jiwe. Ernesta alimtazama tu, na yule kijana akaliachia jiwe likaanguka kama vile halikuwa lake.

"Ulisema boti haitafika mbali?" aliuliza Deodata.

"Nilisema. Na sasa nasema tena. Ng'ombe wangu wanazunguka kilima kizima kwa sababu ya ndoto ya mtu mmoja."

"Ulitoboa?"

"Afande, mimi nikitaka kuharibu boti ya mtu, nitafungua zizi tu. Ng'ombe wataimaliza kwa kujikuna. Nitobolee nini kwa siri kama panya?"

Baadhi ya watu waliguna kwa kicheko. Deodata hakucheka.

"Hujawahi kuingia ndani ya uzio huu?"

"Sijawahi. Napita tu hapo nje na kundi. Nawasikia mnavyogonga siku zote, hata Jumapili. Mnatuhubiria Jumapili ni ya Mungu, mayu, lakini nyundo zenu hazijabatizwa."

Maneno hayo, na lile "mayu" la Kisukuma la kumwita mama, alimrushia Ernesta, maana yeye pia ndiye mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa na ndiye aliyemwalika kanisani mara nyingi bila mafanikio. Ernesta aliumia moyoni. Aliyachukua kuwa kejeli, akayaweka kando.

Aliyefuata alikuwa Novatus, mdogo wake Aristides. Alikuwa mchonga mitumbwi ya rubisi, yale magogo yaliyochimbwa tumbo ambamo ndizi mbivu hukamuliwa kuwa pombe, na kwa ajili ya mkono wake mzuri wa tezo alisaidia kazi ya boti tangu mbao ya kwanza. Alikuwa mpole, anayeongea akitazama miguu yake.

"Jumatatu nilikuwepo wakati wa kujaza maji," alisema. "Mchana huo huo nikapanda bodaboda kwenda Bisibo, msiba wa baba mkwe wangu. Nimerudi jana usiku. Waulizeni."

Deodata alipiga simu mbili palepale. Ilikuwa kweli. Novatus alichimba kaburi, akalala matanga, wala hakuonekana kuondoka.

Basi akabaki mmoja, na huyo Ernesta hakutaka kabisa atajwe.

Desderius, fundi mkuu wa boti, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, Mkerewe aliyezaliwa kando ya ziwa na kuunda vyombo tangu utoto. Ernesta ndiye aliyemleta Nyakahura. Ndiye aliyesimama mbele ya Aristides akasema, "Huyu mdhamini wake ni mimi." Na alikuwa na sababu: tangu mumewe afariki, huyo ndiye mtu pekee aliyebaki wa kumwita shemeji, kumtania kuhusu ugali wake, na kumkumbusha sauti ya marehemu.

"Nani analala ndani ya boti usiku?" aliuliza Deodata.

"Mimi. Tangu maji yalipotolewa."

"Umewahi kuiacha peke yake tangu siku hiyo?"

"Hapana. Chakula ananiletea shemeji, mbaya kama kawaida, nakula hapa hapa."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya majaribio ilikuwa wazi mchana, usiku tunafunga uzio. Nilitoka Jumapili tu, kwenda Misa, Novatus akanishikia lindo."

"Hii keekee ni yako?" Deodata alinyanyua kile chombo cha kutobolea mbao, akaingiza ncha yake katika shimo. Ikaingia kama ufunguo katika kufuli lake.

"Ni yangu. Inakaa sandukuni, sanduku halina kufuli."

"Inasemekana wewe na mzee Aristides mlitupiana maneno."

"Alitaka nipunguze mataruma, hizi mbavu za boti, ili iwe nyepesi. Nilimwambia mimi siundi jeneza." Desderius akagundua neno alilolitoa. "Afande, hilo silo nililokusudia."

Lakini lilikuwa limeshatoka. Aristides aliinuka akasogea mbali naye. Deodata alitoa pingu taratibu, kama mtu anayefanya kazi asiyoipenda.

"Kesho asubuhi gari linakuja kukuchukua kwenda Biharamulo. Kosa hili ni kujaribu kuua. Mama Ernesta, nisamehe."

Desderius alimgeukia Ernesta. "Shemeji, unaamini?"

Ernesta alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli ni kwamba hakujua. Mtu aliyelala humo ni mmoja. Chombo ni chake. Alisema, "Nitasali," na akaona uso wa shemeji yake unafungika, kwa kuwa hilo halikuwa jibu.

Alirudi nyumbani kwa miguu, rozari mkononi, na kila fumbo alilolitafakari liliishia kwenye uso ule. Njiani alipita kwa jirani yake Nyandwi, aliyekuwa amevunja mkungu na kukamua ndizi. Mtumbwi wake wa rubisi ulikuwa umepata tundu la mdudu, na juisi ilikuwa ikichuruzika chini ya tumbo la mtumbwi huo. Nyandwi aliinama ndani ya mtumbwi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, akigongelea kigingi.

"Karibu, mama. Nikikukaribisha pombe utanisemea kwa padri."

"Nitakusemea hata usiponikaribisha. Kwa nini hupigi kwa nje? Ungekaa vizuri, usingelowa."

"Wee mama. Pombe iko ndani, inasukuma kwenda nje. Nikipiga kwa nje, itakitoa kigingi. Nikipiga kwa ndani, yenyewe ndiyo inakibana. Kadiri inavyojaa ndivyo kinavyokaza."

"Na kikikauka?"

"Kitakauka saa ngapi? Mtumbwi wa rubisi haukauki. Ila ukiuacha juani wiki nzima, mti mbichi utanyauka, kitatoka chenyewe."

Ernesta alisimama pale mpaka Nyandwi akamuuliza kama anaumwa. Rozari ilikuwa imesimama katikati ya vidole vyake. Kisha aligeuka akarudi alikotoka, akitembea kwa mwendo ambao wajane wa umri wake hawautumii barabarani.

Deodata alimsikiliza hadi mwisho, ameketi kwenye ngazi ya kituo. Alipomaliza, Deodata alichukua kigingi kilichohifadhiwa kama ushahidi, akakigeuza mara kadhaa.

"Hiki kimenikera tangu mchana," alisema. "Nilijiuliza, fundi wa boti, kwa nini azibe kwa ndani? Nikadhani labda ndivyo wanavyofanya. Mama, tuite watu. Nataka macho yao yaone."

Saa kumi na moja jioni walikuwa wote chini ya boti: Aristides na mkewe, Novatus, Malongo aliyeitwa kutoka machungani, na Desderius na pingu zake. Nje ya uzio, nusu ya kijiji.

"Boti hii ni ushahidi, na Jumatatu inatakiwa iondoke," alisema Deodata. "Kabla haijabebwa nataka mashimo yazibwe. Vigingi hivi hapa, vimechongwa sasa hivi, na maganda ya mgomba, na nyundo. Malongo, anza."

Malongo alikipokea kigingi akakitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani. "Napiga wapi? Juu au chini? Afande, mimi nyumba yangu ni ya miti na udongo wa ng'ombe. Mpe mtu anayejua."

"Novatus."

Novatus alichukua nyundo. Hakuuliza kitu. Alilowesha ganda kwa mate, akalivingirisha kwenye kigingi kwa kidole kimoja, akapanda ngazi, akaingia ndani ya boti. Wakasikia akigonga, pigo la kwanza jepesi, la pili zito, la tatu zito. Kichwa kinene kilibaki juu. Ncha ikatokeza chini, mbele ya macho ya watu. Akashuka akijipangusa.

"Desderius." Deodata alimfungua mkono mmoja.

Desderius hakukaribia ngazi. Alilala chali kwenye vumbi, akajivuta chini ya boti, akagongelea kigingi kutoka chini kwenda juu.

"Kwa nini huko?" aliuliza Deodata.

"Kwa sababu bahari iko huku." Alisema bila kugeuza kichwa. "Maji yanasukuma toka nje kwenda ndani. Hicho alichopiga Novatus, boti ikikutana na mawimbi makubwa, kitaruka kama kizibo cha soda. Hata mbuzi wa Ukerewe anajua."

Novatus alitazama nyundo mkononi mwake, akaiweka chini.

"Mimi ni mtu wa mitumbwi," alisema. "Ndivyo mkono wangu ulivyozoea. Wangapi hapa wanaziba hivyo? Nyandwi anaziba hivyo. Mtawafunga wote?"

"Umesema kweli," alisema Ernesta, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea jioni hiyo. "Mkono pekee haumfungi mtu. Tuulizane ni lini. Baba Aristides, ulisema maji yalikaa humu usiku kucha bila kuvuja, kwa hiyo mashimo hayakuwepo. Sote tulikubali, nami nikiwemo. Lakini vigingi vimepigwa kwa ndani. Siku ile maji hayakuwa nje kama ya bahari. Yalikuwa ndani, kama rubisi. Yalivibana. Kadiri tulivyojaza ndivyo vilivyokaza. Mashimo yalikuwepo, na sisi tukapiga vigelegele juu yake."

Aristides alishika ubavu wa boti yake.

"Kisha maji yakatolewa," aliendelea Ernesta, "jua la Julai likawaka siku zote hizi, mti mbichi ukanyauka. Aliyevipiga alikuwa mtu ambaye hajawahi kuziba kitu kinachokaa kikavu. Basi msiba wa Bisibo haumwondoi mtu yeyote, kwa kuwa kazi ilikuwa imeshafanyika. Na kabla ya majaribio, fundi alitoka hapa mchana mara moja tu."

"Jumapili," alisema Deodata. "Wakati wa Misa."

"Malongo," alisema Ernesta, "nilikukasirikia asubuhi. Ulisema nyundo zetu zinagonga Jumapili. Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita, mayu. Nilikuwa nashusha ng'ombe mtoni. Kengele yenu ilikuwa imeshalia, barabara haina mtu. Nyundo ikagonga humu ndani. Nikacheka. Nikasema, Aristides bahari imemlevya hata amesahau Mungu wake."

"Mimi nilikuwa kanisani," alisema Aristides polepole. "Kiti cha mbele. Nilikuwa nasoma somo la kwanza. Lindo alikuwa nalo mdogo wangu."

Aligeuka. Watu wote waligeuka pamoja naye. Novatus alikuwa akitazama miguu yake kama siku zote, lakini mikono alikuwa ameikunja kifuani.

"Novatus," alisema kaka yake. "Niambie siyo."

Novatus alivuta pumzi. Alipoongea, sauti yake haikuwa ya kugombana.

"Uliondoka nikiwa sijaota ndevu. Baba akaumwa, nikamuuguza. Mama akafa, nikamzika. Ile migomba unayoiona imesimama, hakuna shina ambalo sikulipalilia. Ukarudi. Nikasema sawa, kaka amerudi, tutakula pamoja. Halafu ukasimama kanisani ukaweka nadhiri: ukirudi salama safarini, kibanja cha baba utalipatia kanisa wajenge kigango. Kwa kuwa wewe ni mkubwa, kibanja ni chako. Hukuniuliza. Hata kuniambia kabla hukuniambia. Nilisikia nikiwa benchi la nyuma pamoja na wanangu."

"Ungenambia."

"Watu walikuwa wanapiga makofi."

Ernesta aliinamisha uso. Yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi yale. Tena alikwenda na wanajumuiya kwenye kibanja, wakaimba, wakapima kwa hatua mahali pa altare. Sasa tu ndipo alipokumbuka kwamba kulikuwa na mtu amesimama kati ya migomba, jembe mkononi, na kwamba hakuna aliyemsalimu.

"Ulisema ukirudi salama," alisema Novatus. "Nikafikiri, basi asirudi."

"Ulitaka nife."

"Nilitaka usirudi. Nilijilazimisha kuona ni mambo mawili."

"Na mke wangu?"

Novatus aliinua uso. Akamtazama Adventina, kisha akaangalia pembeni.

"Shemeji sikumfikiria," alisema. "Naapa sikumfikiria hata kidogo."

Adventina alikaa chini palepale vumbini, kanga ameibana mdomoni. Hilo ndilo lililomwangusha, kuliko mashimo yenyewe.

Deodata alimfungua Desderius ile pingu ya pili, akaenda nayo kwa Novatus, ambaye alinyoosha mikono kabla ya kuambiwa. Nje ya uzio vijana walianza kupaza sauti. Malongo akasimama mlangoni, fimbo yake kubwa imekingama, akawaambia kwamba asubuhi walikuwa na uhakika ni yeye, mchana wakawa na uhakika ni fundi, kwa hiyo wakalale wapumzishe uhakika wao.

Desderius alikuwa akisugua kifundo cha mkono. Ernesta alimsogelea.

"Uliniuliza kama naamini," alisema. "Nilikuwa sijui. Sitakudanganya."

"Najua. Uso wako haujawahi kujua kuficha kitu, hata ugali ukiungua." Akaokota nyundo iliyoachwa vumbini. "Iliniuma, shemeji."

"Najua."

Aristides alikuwa bado amesimama pale pale, mkono ubavuni mwa boti. Ernesta alimwendea. Alikuwa ameshika rozari lakini hasali.

"Baba, kile kibanja jumuiya haitakipokea."

"Ni nadhiri, mama. Nimemwahidi Mungu."

"Mtu hutoa nadhiri ya kilicho chake. Ile migomba ina jasho la mwingine, na mke na watoto wa huyo mwingine usiku wa leo wanalala humo bila baba. Mungu nisingependa kumpelekea hicho, nami nikiwa nimekipigia makofi."

"Alitaka kuniua."

"Alitaka. Hilo atalijibu Biharamulo. Nadhiri utaijibu wewe."

Mzee aligeukia barabara. Alisimama mpaka bodaboda ya Deodata na ile iliyombeba Novatus na askari mgambo zikapotea kwenye kona. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia dereva wa trela.

"Jumatatu usije," alisema. Akasikiliza. "Hapana, boti fundi ataimaliza. Mimi ndiye sijawa tayari. Nakwenda kwanza kituoni kwa mdogo wangu."

Dereva aliuliza aje lini. Aristides aliutazama mkono wake mwingine, ule ulioshika kigingi asubuhi, na akasema hajui.